Kibali cha Kujitolea

Ifahamike kwa wananchi wote wa Mwika, kuanzia wanaoishi juu karibu na msitu hadi wale wa chini kwenye njia ya lami, kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe mosi Julai 1996, ni marufuku kwa mtu yeyote kujitolea bila kibali.

Tangazo hilo, pamoja na mwongozo wake, lilibandikwa usharikani, kwenye mlango wa ghala la kahawa, na kwenye bucha, ambako lilipata wasomaji wengi kuliko kwingine kwa sababu foleni ya nyama haina haraka. Lilisainiwa na Ndugu Eliamini Temu, Katibu Mtendaji wa Kamati ya Upangaji, Uratibu na Usimamizi wa Wasaidizi wa Kujitolea wa Kikundi cha Skauti. Chini ya saini kulikuwa na mihuri miwili. Wa kwanza ulikuwa wa kamati, na wa pili ulithibitisha kwamba wa kwanza ni halali.

Asiyemjua Eliamini angesema ni mtu wa majivuno. Hapana, jamani, tusimwonee. Eliamini alikuwa na huzuni. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa afisa utumishi wa shirika moja la umma pale Moshi mjini. Alikuwa na meza, simu, na watu wa kuwaambia “subiri nje.” Kisha yakaja mageuzi, shirika likauzwa, na yeye aliyezoea kuwaandikia wenzake barua za kupunguzwa kazini akaandikiwa ya kwake, tena yenye makosa mawili ya uchapaji. Alirudi kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kwa mkewe Stella, akiwa na mashine ya kutoboa karatasi na mafaili kumi na mawili matupu. Mwaka mzima alishinda akiitazama migomba, na migomba haikuwa na taarifa yoyote ya kumpa.

Ndipo alipogundua hali ya skauti. Mwalimu Filemon wa shule ya msingi alikuwa na kikundi cha watoto arobaini, wasichana kwa wavulana, wenye skafu zilizoshonwa kutokana na mashati ya mitumba. Kila Agosti walipanda kambini pembezoni mwa msitu kwa siku nne. Nani aliwapikia? Mama Elinipendo, mjane wa kule juu, mwaka wa kumi na moja huo. Nani alimteua? Hakuna. Aliona watoto wana njaa, akateleka sufuria. Kuni alipasua Mzee Ndelilio, kwa kuwa alikuwa na shoka. Maji waliteka akina mama waliokuwa wanapita. Ndizi zilifika zenyewe, mkungu leo, mkungu kesho, bila hata hati ya kupokelea.

Eliamini alipoyasikia hayo alishika kichwa.

“Mambo yanakwenda,” alimwambia Mwalimu Filemon, “lakini hakuna anayeyaendesha!”

Ikaundwa kamati ya watu tisa. Katika vikao vitatu vya mwanzo ilifanya kazi kubwa ya kugawana vyeo. Sifael Lyimo, jirani yake Eliamini na mtu wa sauti nzito, alikuwa Mkurugenzi wa Kuni. Akapatikana Mratibu wa Maji. Akapatikana Msimamizi Mkuu wa Sufuria na Vifuniko, na kwa kuwa ulizuka ubishi mkali juu ya vifuniko, akapatikana pia Afisa wa Vifuniko. Mwalimu Filemon, ambaye alialikwa bila haki ya kupiga kura, aliinua mkono.

“Katibu, samahani. Hizo kuni atapasua nani?”

“Hilo ni la ngazi ya utekelezaji.”

“Na hiyo ngazi ina nani?”

“Bado hatujaifikia, Mwalimu. Tunashuka kutoka juu.”

Ngazi ya utekelezaji ilifikiwa wiki ya tatu ya Julai, kwa usaili. Mama Elinipendo alikuja amevaa nguo ya Jumapili, na fomu yake ameikunja ndani ya kitambaa. Hapo kulitokea usumbufu kidogo wa kiitifaki, maana mama huyo alimzidi Katibu umri kwa miaka kumi na zaidi, na hata mwenyekiti wa usaili hawezi kumkalia kimya mtu mzima.

“Shikamoo, mama,” alisema Eliamini.

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?”

“Tafadhali jibu maswali tu. Una cheti cha mapishi ya halaiki?”

“Cheti sina. Nina sufuria.”

“Uzoefu?”

“Mwaka wa kumi na moja huu nawapikia hawa watoto.”

“Ulikuwa na barua ya uteuzi?”

“Sikuwa nayo.”

“Basi kwa mujibu wa mwongozo, hiyo miaka haikuwapo.”

Mama Elinipendo alilitafakari jambo hilo kwa heshima zote. “Na kiburu walichokula, zile ndizi na maharage?”

“Kilikuwapo, ila hakikuwa rasmi. Baada ya miaka mitano unajiona uko wapi?”

“Mungu akipenda, jikoni. Asipopenda, mtanizika pale kihambani, karibu na marehemu baba Denis.”

Sifael akaandika kwenye karatasi yake: hana malengo ya muda mrefu.

Mama Elinipendo alipata asilimia arobaini na tatu, na kiwango cha kufaulu kilikuwa hamsini. Mzee Ndelilio alipata thelathini na nane, kwa sababu alipoambiwa aeleze maana ya kuni aliinuka, akatoka nje, akarudi na ukuni. Wote wawili waliandikiwa barua nzuri sana. Kamati ilisikitika kuwafahamisha kwamba maombi yao ya kufanya kazi bila malipo hayakufanikiwa, ikawatakia kila la heri, na ikawaomba wasikate tamaa.

Hapakuwa na ugomvi wowote, na hilo ndilo lililompa Eliamini shida, maana ugomvi angeufungulia faili. Watu walitii tu. Walitii kupita kiasi. Mwalimu Filemon alipozunguka kuomba mikungu ya ndizi kwa ajili ya kambi, aliambiwa kila mlango kwamba ndizi zipo, zimekomaa vizuri, ila kibali hakuna. Alipoomba kuazima sufuria kubwa kwa mwanakwaya mmoja, mama wa watu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. “Mwalimu, unataka nifungwe? Nikikuazima si nitakuwa nimejitolea?”

Jumatano moja Eliamini alirudi nyumbani mchana akakuta meza imefutwa vizuri na haina kitu juu yake.

“Mama Neema, chakula kiko wapi?”

“Nimefikiri sana, Baba Neema,” alisema Stella, akijifunga kitambaa kichwani kama mtu anayetoka. “Mwaka wa ishirini na sita huu nakupikia, na barua ya uteuzi sijawahi kuiona. Usaili sijafanya. Watu wataanza kusema Katibu anapendelea nyumbani kwake. Sitaki kukuharibia kazi.”

“Stella, acha utani.”

“Fomu nimejaza. Iko hapo juu ya kabati. Nasubiri majibu.”

Akaenda zake kwa Mama Elinipendo, ambako siku hizi akina mama wote walikuwa wanakutana, kukaa tu. Kukaa hakukuhitaji kibali. Eliamini alichoma ndizi kwenye makaa, ikaungua nje na kubaki mbichi ndani, akaila hivyohivyo akisoma mwongozo.

Katikati ya Agosti ikaja barua kutoka ofisi ya skauti ya mkoa, Moshi. Kamishna wa Miundo na Mafunzo, Mheshimiwa Aristides Shirima, alikuwa ameusoma mwongozo wa Mwika na kwa maneno yake mwenyewe ulikuwa umemtoa machozi. Jumamosi angefika kambini wakati wa chakula cha mchana. Akiridhika na atakayoyaona, angemteua papo hapo Mratibu wa Wasaidizi wa Kujitolea wa mkoa mzima, mwenye ofisi mjini, meza, simu ya mezani, na kiti cha kuzunguka.

Eliamini aliisoma barua hiyo mara tano. Alipofika kwenye kiti alikuwa anasimama kidogo. Tuseme ukweli, alilia. Alikuwa ametamani meza kwa mwaka na nusu namna mtu anavyotamani nyumbani akiwa ugenini, na sasa meza ilikuwa umbali wa siku tatu tu, na katikati yake kulikuwa na watoto arobaini wasio na wa kuwapikia.

Alhamisi Mwalimu Filemon alimjia akiwa amechoka. “Katibu, mimi kesho jioni kama sina mpishi nawaambia watoto wabaki kwao. Siwezi kuwapandisha msituni wakalale njaa. Na nikuambie, kuna binti wa darasa la tano analala na skafu shingoni wiki nzima, anaogopa tusije tukamwacha.”

“Mpishi atapatikana. Mchakato unaendelea.”

“Mchakato haupiki, meku, mzee wangu. Peleka isale.”

Ushauri huo haukuhitaji maelezo. Huku mlimani ukimkosea mtu unakata jani la isale kwenye ua wa kihamba, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea amekusamehe, na kulikataa ni vigumu kuliko kusamehe kwenyewe. Eliamini alilijua hilo tangu akiwa mtoto. Kosa lake lilikuwa kwamba alilijua pia suala la mawasiliano ya kiofisi.

Alikata masale matatu, moja la mhusika, moja nakala ya faili, na moja kwa taarifa ya Kamishna. Akaandika barua: “YAH: KUOMBA RADHI. Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Kamati imeelekezwa kukuletea isale moja (1), rangi ya kijani, likiwa katika hali nzuri, kama kiambatisho A.” La faili alilipitisha kwenye mashine ya kutoboa, matundu mawili safi, akalifunga kwa uzi. Kisha akamtuma Sifael kwa Mama Elinipendo na kitabu cha kusaini kupokea barua.

Sifael alirudi haraka kuliko ilivyotarajiwa, kitabu kikiwa hakijasainiwa.

“Anasema isale haliji na kitabu. Linaletwa na aliyekosa, kwa mkono wake na miguu yake.”

“Basi?”

“Ameuliza pia kama wewe ni mgonjwa.”

Ijumaa mchana Eliamini alipanda kwa miguu. Hakubeba faili. Alibeba isale moja lenye fundo, na njiani kila aliyekutana naye alimpisha kwa adabu, na hiyo adabu ilimuuma zaidi kuliko kama wangemcheka. Aliwakuta akina mama uani kwa Mama Elinipendo, Stella akiwa mmoja wao, Mzee Ndelilio akiwa kwenye kigoda pembeni. Alimwinamia mama yule akampa jani kwa mikono miwili. Hakusema neno la kiofisi hata moja. Hakuwa nalo.

“Nimepokea, mwanangu. Nimekusamehe.” Mama Elinipendo alilipachika isale kwenye kitambaa cha kichwa. “Na lile la faili, ni kweli ulilitoboa?”

“Ni kweli, mama.”

Akina mama walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Hata Stella, ambaye alijaribu kuuma mdomo, kicheko kilimtoka. Eliamini alingoja wamalize.

“Kwa hiyo kesho utapika?”

“Kupika? Hapana. Kusamehe nimesamehe, ila kibali sina. Barua yako hii hapa.”

“Mama, naifuta hiyo barua! Naufuta mwongozo wote!”

“Kuufuta kunataka kikao, na kikao kinataka ilani ya siku kumi na nne. Kifungu cha saba. Nimeusoma wote pale bucha.”

Eliamini alihesabu siku kwa vidole. Kifungu cha saba alikuwa amekipenda sana wakati anakiandika.

“Lakini usiogope,” aliendelea Mama Elinipendo kwa upole. “Nafasi ziko wazi, na kuna watu tisa hawajaziomba. Si kamati yenu? Ninyi wote hamjafanyiwa usaili. Waite.”

“Nani atawasaili?”

“Sisi tumekaa tu hapa. Hatupiki, hatupasui. Tutauliza maswali.”

Aliitazama njia ya kushukia. Angeweza kuondoka na heshima yake, kesho akamwandikia Kamishna kwamba kambi imeahirishwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo. Barua ya namna hiyo angeiandika usingizini. Kisha akamkumbuka yule binti wa skafu, akaona aibu, aibu ya kweli inayopasha masikio moto, akamtuma Mzee Ndelilio akawaite wenzake. Mzee Ndelilio akamjibu kwamba kutumwa ni kujitolea, kwa hiyo Eliamini akaenda mwenyewe.

Usaili ulianza saa tisa. Eliamini aliitwa wa kwanza.

“Sufuria la watu arobaini linataka maji kiasi gani?” aliuliza Mama Elinipendo.

“Ya kutosha.”

“Hilo ni jibu la ofisini. Kiburu kikishika chini utafanya nini?”

“Nitaunda… nitaita mtu.”

“Ukiungua mkono?”

“Nitaandika taarifa.”

Stella, aliyekuwa mjumbe, alisema anamfahamu mwombaji kwa karibu na kwa ajili ya haki hatampigia kura. Eliamini alipata asilimia kumi na tisa. Hata hivyo, kwa kuwa watoto hawawezi kusubiri waombaji bora, alichukuliwa kwa majaribio kama mmenya ndizi. Wenzake hawakupata zaidi. Mkurugenzi wa Kuni alipelekwa kwenye kuni, Mratibu wa Maji akapewa ndoo mbili na njia ya kwenda mfongoni, kwenye mfereji wa maji, na Afisa wa Vifuniko, baada ya majadiliano marefu, akapewa sufuria zote azisugue kwa majivu, pamoja na vifuniko vyake.

Jumamosi asubuhi kambi ilifunguka. Watoto arobaini walipanda wakiimba, na binti wa darasa la tano alitangulia mbele kabisa, skafu yake ikiwa imekunjamana vibaya sana. Mikungu iliyokuwa haina kibali ilikutwa imewekwa kando ya njia, na hakuna aliyejua imetoka wapi. Eliamini alikaa chini na kisu. Utomvu wa ndizi ulimshika mikononi, ukaingia kwenye kucha, ukaharibu shati lake jeupe la mikutano, na Stella akamfunga kanga kiunoni akisema ni sare. Akina mama walikaa kwenye majani wakitoa ushauri.

“Mkurugenzi, shoka halishikwi hivyo,” alisema Mzee Ndelilio kutoka kwenye kigoda. “Unalibembeleza. Si mchumba.”

“Chumvi, Katibu,” alisema Mama Elinipendo. “Hiyo ni ya watu kumi. Ongeza. Sasa koroga kutoka chini.”

Saa saba kasoro kiburu kikaiva. Kilikuwa na mabonge, na upande mmoja kilinukia moshi, lakini watoto wa mlimani waliotembea tangu asubuhi hawana maneno na chakula. Binti wa skafu alirudi na sahani yake. “Baba Neema, kipo kingine?” Eliamini alimpakulia. Katika miaka ishirini na miwili ofisini hakuna mtu aliyewahi kurudi kwenye meza yake kuomba kingine. Alifurahi, akakasirika kwa sababu amefurahi, akampakulia na mwenzake.

Ndipo gari la Kamishna lilipofika. Mheshimiwa Aristides alishuka akiwa na suti, mkoba, dereva, na barua ya uteuzi iliyokwisha kupigwa chapa, imebaki nafasi ya jina tu. Alimpita Eliamini akamwambia, “Mzee, hebu pisha moshi huu,” akasimama mbele ya watoto. Alizungumza kwa dakika arobaini juu ya miundo na utii. Alisema alichokiona hapa ni mapinduzi, kila mtu kazini na kila kazi na mtu wake. Kisha akatoa kalamu ya wino.

“Sasa skauti wangu, ninyi mmekula kiapo cha kusema kweli. Jina litakalotajwa hapa ndilo nitakaloliandika, na mimi nikishaandika sifuti. Nani anaongoza kambi hii?”

Eliamini alikuwa ameshapiga hatua moja mbele, mkono umeinuka nusu, kisu kikiwa bado mkononi.

“Mama Elinipendo!” walipiga kelele watoto arobaini.

Kamishna akaandika. Eliamini aliiona meza ikiondoka, na simu, na kiti kikizunguka mara ya mwisho. Ilimuuma sana. Alisimama pale na kanga yake kiunoni na hakuwa na kifungu chochote cha kukimbilia.

Mama Elinipendo aliipokea barua, akaigeuza nyuma na mbele. “Mheshimiwa, cheo hiki kinafanya nini?”

“Kinawapangia kazi wote walioko kambini, mkoa mzima.”

“Wote?”

“Wote! Muundo wetu haubagui.” Kamishna aliinua sauti ili watu wa nyuma wasikie. “Hata mimi, nikiwa ndani ya eneo la kambi, niko chini ya Mratibu!”

Alipigiwa makofi, akainamisha kichwa kuyapokea. Mama Elinipendo alingoja yaishe, kisha akatazama gunia la maharage ya jioni.

“Aika, asante,” alisema. “Basi vua koti.”

Kamishna alicheka, akatazama kama kuna mwingine anayecheka. Hakuna. Alisema ana kikao mjini saa tisa. Mratibu akasema hajamruhusu. Alimtafuta dereva, lakini dereva alikuwa ameshakabidhiwa ndoo na anakata kona ya mfongoni. Watoto arobaini walikuwa wanamtazama, mtu mzima aliyetoka kuwasifia utii, waone atafanya nini.

Akavua koti. Akakaa kwenye gunia, magoti juu, na Eliamini akasogea kumpa nafasi, akamwekea ungo mapajani.

“Mawe weka kushoto, mheshimiwa. Yaliyoliwa na wadudu, kulia. Ukikosea unaanza upya.”

Kamishna alichambua konzi mbili. Kisha akainama sikioni kwa Eliamini, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli hapa hakuna mtu wa chini wa kufanya kazi hii.

Eliamini hakuwa afisa utumishi bure. Aliwatazama wote waliokuwapo mmoja mmoja, Sifael kwenye kuni, yule wa vifuniko na majivu yake, hata dereva aliyekuwa anarudi na ndoo, akakumbuka kila mmoja aliripoti kazini lini.

“Yupo, mheshimiwa,” alisema. “Wewe ndiye uliyeajiriwa mwisho.”